Kiti Kisichopoa

Kituo cha Pampu
Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama amepona kikohozi na ameanza tena kunilaumu, kwa hiyo ni mzima.

Waraka wako umefika. Nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Katika aya ya tatu ulisahau nukta, nimeiweka. Mengine hayasahihishiki kwa kalamu. Unasema kuanzia tarehe 17 hakuna mtu wala kifaa kitakachoaminiwa kwa sababu tu kimo ndani ya uzio wetu. Kila mmoja aingie kwa jina lake, athibitishwe kila anapogusa kitu, na apewe kile tu anachokihitaji.

Hapa kituoni tuna desturi moja, nami ndiye niliyeianzisha: kiti hakipoi. Anayetoka zamu haifungi kompyuta. Anainuka, anayeingia anakaa kiti kikiwa bado na joto, kisha wote wawili wanasaini daftari. Kompyuta imefunguliwa kwa jina moja, "Zamu", kwa miaka tisa, na haijawahi kufungwa ila umeme ulipokatika. Maji hayangoji mtu akumbuke neno lake la siri. Katika miaka hiyo hakuna tone lililotoka hapa bila dawa ya kusafishia maji, wala lililotoka na dawa iliyozidi. Dawa hiyo naipima mimi. Nikiondolewa hapo, mimi si mkuu wa zamu tena. Ni mlinzi wa kelele.

Nauliza kwa upole: ni nani atakayeamua ninachokihitaji?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Simu zetu zinabaki kabatini mlangoni, na kinachopita kwenye kompyuta sasa unakiona wewe. Dereva wa sampuli huja Jumanne na Ijumaa kuchukua chupa za maji za maabara. Atabeba na hii.

Hongera kwa cheo cha ulinzi wa mifumo. Mimi sikukiomba, wala nisingekiomba. Nimezoea pampu.

Dada yako,
Kifungua mimba


Makao Makuu
Ijumaa, 7 Machi

Dada, shikamoo.

Nukta nimeiona. Ahsante.

Usiuchukue waraka kama tusi. Zamani tulijenga uzio, tukaweka mlango mmoja, na aliyepita mlangoni tukamwita mwenzetu. Mwizi naye aliligundua hilo. Kuna shirika la maji kama letu ambalo mwizi alipata neno la siri la karani mmoja wa stoo, akatembea nalo chumba hadi chumba mpaka kwenye pampu. Watu walikaa siku mbili bila maji. Hakuna aliyemuuliza yule "karani" pampu zinamhusu nini, kwa kuwa alikuwa tayari ndani.

Ndiyo maana mfumo mpya haumwamini yeyote. Hata mimi. Kila asubuhi unaniuliza mimi ni nani, na nikihama kutoka faili moja hadi jingine unaniuliza tena, kama askari aliyesahau kwamba tulisalimiana. Unazoeleka.

Nina ombi la kikazi. Niandikie kila kifaa kilichopo kituoni kinachoweza kuiamrisha pampu au dawa, hata kama ni kibovu, hata kama kimefunikwa na vumbi. Nisichokijua siwezi kukilinda.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Kitinda mimba


Kituo cha Pampu
Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu,

Vifaa ni vitatu: kompyuta mbili za chumba cha zamu na moja ya maabara. Hakuna kingine.

Mama ameitundika picha yako juu ya kabati la vyombo, ile uliyopigwa ukikabidhiwa ofisi. Kila nikichukua sahani unanitazama. Nilimwuliza, "Na yangu ya miaka ishirini ya kazi iko wapi?" Akasema, "Wewe nakuona kila siku, nikutundike wa nini?" Nimecheka. Kisha nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Juzi alikuja mkaguzi wa mizani. Alipoliona jina langu alisimama: "Kumbe wewe ndiye dada yake yule bibi wa makao makuu?" Miaka ishirini na miwili watu wakifika hapa walikuwa wakiuliza, "Mkuu wa zamu yuko wapi?" Sasa mimi ni dada wa mtu. Mpole alikuwapo. Unamkumbuka Mpole, mkuu wa zamu ya pili, cheo chetu ni kimoja ingawa mimi ndiye niliyemfundisha tofauti ya vali na bomba. Alikohoa akageukia dirishani. Mpole ana adabu inayochosha.

Kadi mpya za kuingilia zitume mapema. Nisije nikazuiwa getini na mlinzi niliyemwombea kazi.

Dada yako


Makao Makuu
Ijumaa, 14 Machi

Dada, shikamoo.

Kadi tisa zimo ndani ya bahasha ya khaki. Yako ni ya juu. Usimwazime mtu, hata kwa dakika moja.

Mdogo wako


Kituo cha Pampu
Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu,

Jana saa moja kasoro dakika tano asubuhi nilikaa. Kiti kilikuwa cha moto, kompyuta ilikuwa baridi. Iliniuliza jina, nikaandika. Ikataka kadi, nikaweka. Ikataka nambari iliyotumwa kwenye simu, na simu imo kabatini. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nambari imepitwa na muda. Nilikwenda mara tatu. Mlinzi akasema, "Mama, leo umeanza mazoezi?" Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nahema.

Hayo ni madogo. Nilipoifikia sehemu ya dawa, maneno yalikuja kwa rangi nyekundu: *Huna ruhusa*. Naona kiasi cha dawa, sawasawa na mtoto anayetazama pipi kwenye kioo cha duka. Siwezi kukiongeza wala kukipunguza. Mvua ilinyesha huko juu, maji yameingia na matope, dawa ilihitaji kuongezwa saa ileile.

Tukatazama orodha. Mwenye ruhusa ya dawa kituoni ni Mpole peke yake.

Nikampigia. Alikuwa mapumzikoni, anapaka rangi ukuta wa nyumba yake.

"Njoo uongeze dawa."

"Kwani wewe umezuiwa, Mama?"

"Njoo uongeze dawa, Mpole."

Alikuja na rangi kwenye vidole. Akaweka kadi, akagusa mara moja, pakafunguka. Akaniambia, "Samahani, Mama." Angecheka ningemsamehe.

Cheo chetu ni kimoja. Kazi yetu ni moja. Hili ni kosa la mashine au ni kanuni? Kama ni kosa, lisahihishe. Kama ni kanuni, niambie nani aliyeitunga.

Dada yako


Makao Makuu
Ijumaa, 21 Machi

Dada, shikamoo.

Nimetuma vifaa vidogo vya kutoa nambari, kila mtu chake, ili msikimbilie kabatini tena.

Kuhusu dawa: kanuni ni kumpa kila mtu kidogo kinachomtosha, na ruhusa nzito ishikwe na wachache iwezekanavyo. Kamati iliona mmoja anatosha kwa kituo. Orodha itaangaliwa upya mwisho wa Juni. Vumilia mpaka hapo.

Kwa kuwa tunaulizana, nami nina swali. Uliniandikia kwamba cheo hiki hukukiomba. Faili la waombaji lilipita mezani kwangu nilipokabidhiwa ofisi, Dada. Fomu yako ilikuwa ya nne. Mwandiko wako naujua tangu uliponifundisha kuandika kwa mkaa nyuma ya sufuria.

Kwa nini hukuniambia? Tungeshindana kama watu.

Lakini pengine kwako halikuwa shindano. Baba alipougua mara ya mwisho alikukabidhi funguo zote za nyumba, zikiwa kwenye pete moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Tangu siku hiyo nilibisha hodi nyumbani kwetu. Ulikuwa unaniona kupitia tundu la mlango, kisha unauliza, "Nani?" Nasema, "Mimi." Unasema, "Mimi nani?" Nilikuwa nakiona kivuli chako chini ya mlango, Dada. Ulikuwa unanijua.

Nisamehe. Leo nimechoka.

Mdogo wako


Kituo cha Pampu
Jumanne, 25 Machi

Mdogo wangu,

Ya Jumapili umeyasikia, lakini umeyasikia kwa watu waliofika Jumatatu.

Ilikuwa saa saba mchana, zamu ya Mpole. Kiasi cha dawa kilianza kupanda chenyewe. Mpole akakishusha kwenye kompyuta, kikapanda tena. Akashusha, kikapanda. Akaacha kompyuta akakimbilia chini, akafunga vali kwa mkono. Lile gurudumu halijazungushwa tangu liwekwe. Limemchuna viganja vyote viwili. Maji yale hayakutoka tangini. Tumeyamwaga yote, na watu wa mjini walikaa nusu siku wakilalamika bila kujua wameponea wapi.

Jumatatu walikuja watu wako wawili wenye mabegi. Kwenye kumbukumbu za mfumo hawakuona mgeni yeyote. Wakatazama orodha ya ruhusa ya dawa, wakaona jina moja. Wamemwambia Mpole abaki nyumbani mpaka kamati ya nidhamu ikae Jumanne, tarehe 1, saa nane mchana. Wamelichukua na daftari la zamu.

Nitakuambia jambo baya, kwa kuwa wewe umeniambia lako. Walipolitaja jina lake nilifurahi. Si muda mrefu, kama wa maji kuchemka. Nilisema moyoni, haya, ile ruhusa waliyokupa wewe wakaninyima mimi ndiyo hiyo. Kisha nikaiona kofia yake mezani. Aliisahau. Ule ukuta wa nyumba yake umepakwa rangi nusu.

Kuhusu mlango: ndiyo, nilikuwa nakujua. Baba alikuwa amelala chumba cha pili, hawezi kugeuka bila msaada, na wewe ukiingia uso wake ulikuwa unabadilika. Mimi nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza. Hakuwahi kunitazama hivyo. Funguo alinipa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa macho. Wewe alikupa mengine.

Basi nilikuwa nakuchelewesha mlangoni. Kidogo tu.

Dada yako


Makao Makuu
Ijumaa, 28 Machi

Dada,

Daftari la zamu liko mezani kwangu. Watu wangu walisoma kurasa za Jumapili tu, zamu ya Mpole. Mimi nimerudi nyuma.

Tarehe 19, saa nne na dakika kumi asubuhi: *Maji yana matope. Nimeongeza dawa.* Tarehe 20, vilevile. Tarehe 21. Tarehe 22, Jumamosi: *Maji yametulia. Nimepunguza dawa.* Zote kwa mwandiko wako, na sahihi yako chini, na nukta mahali pake.

Wewe huna ruhusa ya dawa tangu tarehe 17. Katika mfumo hakuna alama ya wewe kuigusa, wala ya Mpole kuigusa saa hizo. Umeongezea wapi, Dada? Kuna kifaa cha nne?

Ni wewe peke yako duniani ambaye ungefanya jambo la siri kisha uliandike kwenye daftari kwa sababu daftari halidanganywi.

Sasa langu. Hakukuwa na kamati. Orodha ya kituo chenu niliiandika mwenyewe, alasiri moja, mlango ukiwa umefungwa. Kanuni ilitaka wakuu wa zamu wote wawili wapewe dawa, kila mmoja kwa saa zake. Jina la Mpole nililiweka. Nilipolifikia lako niliacha mkono hewani. Nilijiambia ni hadhari, maana ruhusa zikiwa chache hatari zinakuwa chache. Ni hoja nzuri. Ningeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini nilikuwa nayaona macho yako kwenye tundu la mlango. Nilitaka siku moja tu wewe ubishe hodi, mimi niulize nani.

Vituo sita nimeviandikia kwa haki. Chenu nimekiandika kwa wivu.

Kurasa ni nne. Hakuna mwingine aliyezisoma. Kamati ya nidhamu ni Jumanne, na sijui nitakachokisema.

Kitinda mimba


Kituo cha Pampu
Jumanne, 1 Aprili, asubuhi

Mdogo wangu,

Sikukungoja ujue la kusema.

Kifaa cha nne ni ile kompyuta ya kwanza kabisa, tuliyoletewa siku pampu hizi zilipowekwa. Imekaa stoo nyuma ya mapipa matupu ya dawa. Ina waya wake mpaka kwenye paneli ya kuendeshea pampu na dawa, haipiti kwenye mfumo wako, kwa hiyo askari wako hamwoni anayepita huko. Ina pia modemu, ya kuiunganisha na laini ya simu, ambayo wauzaji wa pampu walikuwa wakiitumia kutusaidia kutoka mbali. Ulipoomba orodha niliikumbuka, nikaiacha. Nilitaka pawe na mahali pamoja ambapo siulizwi mimi ni nani.

Baada ya ile siku ya Mpole kuja na rangi kwenye vidole, sikuweza kumpigia tena. Kila asubuhi nilikwenda stoo, nikaiwasha, nikapima dawa kama nilivyoipima miaka yote, nikatoka nikaandika daftarini. Kila nikimaliza niliizima. Siku tatu. Jumamosi nilisahau kwamba niko stoo. Nilipomaliza niliinuka tu, kama mtu anayemwachia mwenzake. Kiti hakipoi, miaka tisa mkono wangu haukujifunza kufunga. Hapakuwa na mwenzangu wa kukaa. Akaja mtu asiye na sura kutoka upande wa modemu, akakuta pamefunguliwa kwa jina la Zamu, akakaa.

Ulisema mtu akiwa ndani haulizwi. Nilikusoma nikidhani unanisema mimi.

Yote hayo nimemwandikia Mkurugenzi, kurasa mbili, pamoja na maneno kwamba Mpole hakugusa kitu ila gurudumu lililomchuna mikono. Kompyuta yenyewe nimeing'oa nyaya nikaifunga kamba, naipandisha garini pamoja na chupa. Dereva ameniuliza, "Mama, na hii nayo ni sampuli?" Nimemwambia ndiyo. Atafika kabla ya saa sita.

Kuhusu orodha yako sikuandika lolote. Hilo ni lako kulisema au kulinyamazia. Ukilinyamazia sitakuuliza, wala hutausikia mdomo wangu kwa Mama.

Na fomu ile niliijaza, ndiyo. Niliijaza mara mbili, kwa kuwa ya kwanza iliingia doa. Niliona aibu kukwambia. Mtu hamwambii mtoto aliyemfundisha kuandika kwamba wameomba kazi moja.

Dada yako,
Kifungua mimba


Makao Makuu
Ijumaa, 4 Aprili

Dada, shikamoo.

Mkurugenzi aliisoma barua yako kwa sauti. Alipofika mwisho alisema, "Huyu mama laiti angekuwa mwongo, tungemwonya tu." Kisha akauliza kwa nini mkuu wa zamu alihitaji kwenda stoo kupima dawa wakati kanuni inampa ruhusa. Kila mtu akanitazama.

Akaniuliza, "Orodha hii nani aliiandika?"

Nikasema, mimi.

"Nani aliikagua?"

Nikasema, hakuna. Nikamweleza na sababu. Si hoja ya hadhari, sababu yenyewe. Mzee wa sheria alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mpole amerudi kazini jana, na barua ya kuombwa radhi. Tangu sasa orodha za ruhusa zitaandikwa na watu watatu, na mimi siruhusiwi kukigusa kituo chenu hata kwa kidole. Nimepewa onyo la maandishi na miezi sita ya kuangaliwa. Kiti changu ninacho, ila kimelegea miguu.

Chako sikuweza kukuokolea. Nilijaribu, ukitaka kuamini. Zamu yako amepewa mtu kutoka kituo cha kusini. Wewe unahamia maabara mpaka utakapostaafu mwezi wa kumi na mbili. Najua ulichoniandikia Machi, kwamba ukiondolewa kwenye dawa wewe ni mlinzi wa kelele. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi wiki hii.

Naomba kuja Jumapili. Ukikataa nitaelewa.

Kitinda mimba


Kituo cha Pampu, Maabara
Jumanne, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Jumapili iliyopita Mama alikupikia, akakungoja mpaka chakula kikapoa. Nilikuwa sijakujibu. Njoo hii inayokuja.

Maabara ni kimya. Nina chupa ishirini na nne na kompyuta moja inayoniuliza mimi ni nani mara sita kwa siku. Najibu. Jioni naifunga, nimeandika kikaratasi cha kunikumbusha nikakibandika ukutani. Mpole hupita asubuhi na mikono yake yenye bendeji, anauliza, "Mama, maji leo yanataka dawa kiasi gani?" Kiasi hicho anakijua. Ananiuliza tu. Bado adabu yake inachosha, lakini nimeanza kumngojea.

Sitakuongopea. Picha yako ingali juu ya kabati, na bado sipendi inavyonitazama. Nimeitundika yangu kando yake. Mama amesema ukuta umejaa.

Ndani ya bahasha hii umo ufunguo. Nilimpelekea fundi ile pete ya funguo za Baba, akachonga mwingine kutoka ule wa zamani. Utaona meno yake ni mapya, yanakwaruza kidogo. Ulistahili kuwa nao tangu una miaka kumi na minne. Hutabisha tena hodi kwetu.

Ufunguo huo ni wa mlango wa mbele tu. Chumba changu utaomba.

Dada yako,
Kifungua mimba